Hesabu au Mkataba? Niliyowaambia Wenye Vibanda vya Gemu

Haya ndiyo niliyoyasema Jumapili mbele ya wanakikundi wenzangu pale ukumbi wa kata, Mbagala. Nayaweka yote kwa ajili ya wale ambao wateja waliwashika wakashindwa kufika. Karatasi za mahesabu nilizobandika ukutani nimeziacha. Namba zenyewe zimo humu.

Mheshimiwa mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wangu mlioanza kazi hii enzi za kaseti za kupuliza, na nyinyi vijana mliofungua juzi kwa taa za rangi rangi, hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo?

Haya, sasa mmeamka.

Mwenyekiti kaniita kwa sababu moja. Mwezi uliopita alipita huku kwetu kijana mmoja mtanashati, shati limenyooka, kishkwambi mkononi, akatupitia kibanda kwa kibanda. Maneno yake matamu: chukua PS5 leo, ile mashine ya gemu ya Sony, lipa kidogo kidogo. Wengine wetu wameshaandikisha majina. Wengine wananipigia simu saa tano usiku: mzee, tuchukue au tusichukue? Nikaona nikimjibu mmoja mmoja salio litaniishia. Tukutane, tuzungumze mara moja.

Naanza na swali. Nani humu ndani amewahi kuendesha bodaboda? Nyosheni mikono, msione haya, kazi ni kazi. Naona mikono kumi na kitu. Basi leo maprofesa ni nyinyi, mimi nasimamia tu.

Bodaboda ina njia mbili kwa mtu asiye na pikipiki yake. Kuna hesabu, na kuna mkataba. Hesabu, unamletea bosi elfu 7 kila siku, pikipiki ni yake, leo, kesho na mtondogoo. Mkataba, unaleta kubwa zaidi, tuseme elfu 10, lakini ina mwisho. Siku ya mwisho unakabidhiwa kadi, jina linabadilika, unamnunulia bosi soda mnaagana.

Mdogo wangu wa kuzaliwa aliendesha ya hesabu miaka mitatu. Siku 300 kwa mwaka, elfu 7 kila siku. Pigeni wenyewe. Milioni 6 na laki 3. Alipoacha kazi alirudi nyumbani na nini? Na kofia ngumu. Kofia yenyewe kioo kimepasuka. Jirani yake wa kijiweni aliingia mkataba, miezi 14, elfu 10 kwa siku, siku 26 za mwezi. Alilipa milioni 3 na laki 6 na kitu. Leo ana pikipiki yake, na mwaka jana kampa kijana mwingine. Kampaje? Kwa hesabu!

Mnacheka. Lakini msiione hesabu kuwa ni dhambi. Mdogo wangu huyo huyo, injini ilipokufa, bosi ndiye aliyetengeneza. Alipoumwa malaria wiki mbili, alirudisha funguo, hakudaiwa na mtu. Yule wa mkataba alipougua, deni liliendelea kumsubiri mlangoni. Kila njia ina mzigo wake, na kubaya ni kubeba mzigo wa mkataba ukidhani ni wa hesabu, au kulipa hesabu ukidhani uko kwenye mkataba.

Basi tulishike hilo. Kila mtu akikuletea habari ya kulipia gemu kwa mwezi, usiulize kwanza shilingi ngapi. Uliza: bwana, hii ni hesabu au ni mkataba?

Twende kwa wakubwa wa dunia tuone nao wamefanyaje.

Microsoft, wale wa Xbox, mwaka 2018 walianzisha kitu walichokiita Xbox All Access. Mashine za Series S na Series X zilipotoka Novemba 2020, mpango ukawa hivi: hulipi kitu mwanzoni, unalipa dola 24.99 kwa mwezi kwa Series S, miezi 24, na humo ndani unapewa na Game Pass, yaani ruhusa ya kucheza gemu zao zaidi ya mia. Ikiisha miezi 24, mashine ni yako. Hesabu au mkataba?

Mkataba! Ahsanteni.

Sasa tupige namba, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Dola 24.99 mara 24 ni dola 599.76. Ukienda dukani na fedha taslimu, Series S ilikuwa dola 299, na Game Pass ile kubwa, Ultimate, ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, kwa miezi 24 ni dola 359.76. Jumla dola 658 na senti. Mmeona? Aliyelipa kidogo kidogo alilipa pungufu ya aliyenunua kwa mkupuo! Kama dola 59 hivi. Mimi niliirudia hesabu hii mara tatu kwenye kikokotoo cha simu, nikamwita na binti yangu wa kidato cha tatu anihakikishie, kwa sababu sijazoea kuona mkopo unaokuwa rahisi kuliko taslimu.

Kwa nini wafanye hivyo? Je, wametupenda? Hapana. Walikuwa wanataka ukae ndani ya Game Pass miezi 24 mpaka uzoee. Mkataba ulikuwa mlango, sebule ilikuwa hesabu. Na mlango wenyewe ulifunguliwa nchi chache, sisi hatukuwemo, na hata huko walikokuwemo ilibidi benki ikukague kwanza kama unalipa madeni yako.

Tuingie basi hiyo sebule.

Game Pass ilianza Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Ultimate ikaja 2019 kwa dola 14.99. Mwaka 2023 ikawa dola 16.99. Mwaka 2024, dola 19.99. Oktoba 2025, dola 29.99. Miaka sita ikawa maradufu. Sony nao, wenye hizi PS zetu, hawakubaki nyuma: Septemba 2023 PlayStation Plus, huduma yao ya kulipia, ile ya chini kabisa, ilitoka dola 59.99 kwa mwaka ikawa dola 79.99. Na kumbukeni, kwenye PS3 mtu alicheza na mwenzake mtandaoni bila kulipia hiyo. Ilipokuja PS4, mwaka 2013, gemu nyingi za kununua ukitaka kuzicheza mtandaoni sharti uwe umelipia. Hiyo ndiyo tabia ya hesabu. Bosi akiamka vibaya, elfu 7 inakuwa elfu 8, na wewe huna pa kwenda kwa sababu ukiacha, pikipiki inabaki kwake.

Sasa mnisikilize kwa makini, hapa ndipo biashara yetu ilipo. Kwa bei hiyo ya Oktoba 2025, dola 29.99 mara 12 ni karibu dola 360 kwa mwaka. Gemu moja mpya ni dola 70. Kwa hiyo pesa hiyo ni gemu tano mpya kila mwaka. Mtu wa nyumbani anayecheza gemu kumi na tano kwa mwaka, leo vita, kesho magari, keshokutwa hadithi za kutisha, huyo kwenye Game Pass anafaidi, sibishi. Lakini nyinyi, kwenye vibanda vyenu, wateja wanacheza nini?

Mpira! Mpira, mpira, mpira. Mtoto akija na jero yake hataki hadithi, anataka kumfunga mwenzake tano bila kisha amkebehi mpaka nyumbani. Tunanunua gemu moja kwa mwaka, ile mpya ya mpira, ambayo wateja wetu wataiita FIFA mpaka kiama ingawa tangu 2023 jina limeshabadilika. Na hiyo ya mpira, kwenye hayo malipo ya mwezi, mwaka baada ya mwaka imekuwa ikiingia Mei au Juni. Inatoka dukani Septemba, huku inafika Mei. Ligi ya Ulaya imeshakwisha, wachezaji wameshaanza kuhama. Mteja wako atakusubiri?

Na niseme la kando, mnisamehe: masharti ya hizi huduma yanasema ni kwa matumizi binafsi ya nyumbani. Hayakuandikwa kwa kibanda. Tusijifanye hatujui.

Jamani, hesabu kwenye gemu wala si jambo la jana. Marekani, mwaka 1994, Sega walikuwa na Sega Channel. Waya wa televisheni unaingia kwenye mashine, unalipa kama dola 15 kwa mwezi, unachagua gemu kutoka orodha ya mwezi huo. Gemu inashuka kwenye mashine, unacheza. Ukizima, imefutika. Ikafungwa mwaka 1998. Google nao wakaja na Stadia, Novemba 2019, hata mashine huhitaji, gemu inachezwa kwenye kompyuta zao huko mbali, wewe unaona picha tu. Wakafunga Januari 2023. Na hapo kuna jambo la kujifunza. Walipofunga, walionunua pedi kwenye duka lao na walionunua gemu, Google iliwarudishia fedha. Waliokuwa wanalipa ule mfuko wa kila mwezi, hawakurudishiwa. Kwa nini? Kwa sababu walichonunua ni mwezi, na mwezi walishaula. Hesabu ni hesabu. Sioni hata wa kumlaumu hapo.

Mimi ninayemlaumu ni yule anayeuza hesabu halafu juu yake anaandika neno NUNUA.

Hapa niwape kisa changu, kinauma lakini nitasema.

Mwaka 2019 nilikuwa na PS4 mbili. Kuna mtu mtandaoni, simtaji, alikuwa anauza gemu za kupakua kwa elfu 40, wakati diski yenyewe mpya ilikuwa inakwenda laki na nusu na zaidi. Anakupa imeili na neno la siri, unaingiza kwenye mashine yako, unapakua. Mnawajua hao, msijifanye hamuwajui, naona mnatazama chini. Nikapakua usiku kucha kwa bando la usiku, zaidi ya GB 40, feni nimeielekeza kwenye mashine isichemke. Asubuhi gemu imekaa, tamu. Miezi miwili nakula matunda.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, benchi limejaa, vijana wameshapanga ligi yao, karatasi iko ukutani, wameshanilipa elfu 12 ya mbele. Nawasha. Pembeni ya jina la gemu naona kitu kidogo cheupe. Nikadhani ni uchafu wa skrini, nikafuta kwa kiganja. Hakitoki. Mtoto mmoja wa darasa la tano, nadhani, akasema, "Babu, hiyo ni kufuli."

Kufuli. Nikabonyeza, skrini ikaniandikia Kiingereza, leseni haijathibitishwa. Nikampigia yule muuzaji, simu haipatikani. Gemu yote imo ndani ya mashine yangu, GB 40 na kitu zimekalia diski yangu, umeme ni wa LUKU yangu, na siwezi kuifungua. Nikawarudishia vijana elfu 12 yao. Na buku juu, kwa aibu.

Mtanijibu: mzee, ulinunua kwa mlango wa nyuma, umeyataka mwenyewe. Kweli kabisa. Ila waliopita mlango wa mbele je?

Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, walitoa gemu ya magari mwaka 2014 iitwayo The Crew. Unaendesha kutoka pwani moja ya Marekani mpaka nyingine. Watu waliinunua kwa bei kamili, wengine diski kabisa, ya kushika mkononi. Lakini gemu ilihitaji mtandao muda wote, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima kompyuta zao. Basi. Diski iko kabatini, ganda zuri, picha ya gari, na haifanyi kitu chochote. Unaweza kutegea kuku asiingie ndani.

Watu walikasirika. Ulaya wakakusanya saini zaidi ya milioni moja wakitaka gemu iliyouzwa isiuliwe. Na jimbo la California likapitisha sheria, ilianza kufanya kazi Januari 2025, kwamba duka la mtandaoni lisitumie neno nunua kama unachompa mtu ni leseni unayoweza kumnyang'anya, ila umwambie hivyo waziwazi. Mimi naipenda sheria ile kwa sababu ni fupi na ina akili: haikukataza kukodisha. Imekataza kudanganya jina.

Kwa hiyo mnaona mambo yamechanganyika? Nilipoanza kazi hii kununua kulikuwa kununua. PS2 yangu ya kwanza ilikuwa imewekwa chipu, CD nainunua Kariakoo, ikikwaruzika napaka dawa ya meno, inacheza. Sijaomba ruhusa kwa mtu. Siku hizi hata kununua kumeingiwa na hesabu ndani yake. PS5 Pro ilitoka mwaka 2024 kwa dola 699.99 na haina mahali pa kuingiza diski, ukitaka unanunua kipande chake pembeni.

Na diski, ndugu zangu, si plastiki tu. Mnakumbuka 2013? Labda nyinyi vijana hamkumbuki. Microsoft walitangaza kwamba Xbox One itabidi ijitambulishe kwenye mtandao kila saa 24, na gemu iliyotumika kuiuza au kumpa mwenzako kutakuwa na masharti. Sony wakarekodi video ya sekunde ishirini hivi, maelekezo ya jinsi ya kumpa rafiki yako gemu ya PS4. Mtu mmoja anashika ganda la diski. Anamkabidhi mwenzake. Mwenzake anasema ahsante. Mwisho wa video! Dunia nzima ikacheka, na haukupita mwezi tangu watangaze, tarehe 19 Juni, Microsoft wakarudi nyuma. Ile video ningeweza kuwaonyesha, lakini umeme mnauona wenyewe.

Kwa kibanda, diski ndiyo kadi ya pikipiki. Msimu ukiisha naiuza, hata nusu ya nusu ya bei, inarudi. Ya kupakua hairudi. Kwa hiyo ukinunua mashine ya biashara, nunua yenye mdomo wa diski. Hata ikiwa ghali kidogo. Yenye mdomo, yenye mdomo. Nimesema mara tatu ili mtu asije kuniambia hakusikia.

Kuna jambo jingine dogo, nalipita haraka. Hata mtu akitaka kuwa mlipaji mwaminifu wa hesabu ya Sony, kwa sisi wa Tanzania na ndugu zetu wa Kenya na Uganda, nchi zetu hazimo kwenye orodha yao. Ukifungua akaunti unasema unaishi Marekani au Uingereza, unatafuta vocha za dola. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wao wamo. Mwaka 2024 Sony walitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo 177 ambako akaunti hizo hazitolewi. Watu walipopiga kelele, sharti la akaunti likaachwa ndani ya siku chache. Mimi nilichojifunza: mtu aliyelipia kwa anwani ya uongo hana pa kushtaki.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa shati lililonyooka.

Nimeuomba ule mkataba wake, nimeusoma wote, na yale maandishi ya siafu ya nyuma nimeyasoma kwa miwani ya mke wangu. Masharti ni haya. Unatanguliza laki 3. Kisha elfu 120 kila mwezi, miezi 12. Jumla milioni 1 na laki 7 na elfu 40, yaani 1,740,000. Mashine ile ile Kariakoo, nimeulizia maduka manne, ni 1,300,000. Tofauti 440,000.

Je, ni hesabu au mkataba?

Ni mkataba. Nimpe haki yake, ni mkataba, mwisho wa mwezi wa 12 mashine ni yako, imeandikwa. Na 440,000 si wizi, ni bei ya kuipata leo badala ya mwakani. Tuipime. Mashine moja, mechi jero, mechi 30 kwa siku, ni 15,000. Toa LUKU, toa fremu, toa kijana wa zamu, toa pedi inayokufa kila baada ya miezi miwili. Mimi daftari langu linanibakizia kama elfu 6 kwa siku. Siku 25, laki na nusu. Unalipa elfu 120, unabaki na elfu 30. Kwa mwaka ni laki 3 na 60. Toa laki 3 uliyotanguliza. Faida ya mwaka mzima ni elfu 60, pamoja na mashine. Si mbaya! Kama kila mwezi unakuwa mwezi mzuri.

Nani humu ana miezi 12 mizuri? Shule zikifungua? Ramadhani? Masika, maji yakiingia mpaka kwenye benchi?

Ukurasa wa tatu, kifungu cha chini kabisa. Ukichelewa siku tano, mashine inajifunga yenyewe kwa mbali mpaka ulipe. Mnazijua simu za mkopo zinavyojifunga. Lakini simu ikijifunga unakosa kupiga, unaazima ya jirani. Mashine ya kibanda ikijifunga unakosa ile ile hela ya kuifungulia! Umefungwa, kwa hiyo huingizi, kwa hiyo hulipi, kwa hiyo umefungwa. Na mkataba hausemi kufuli linaondolewa lini. Nilimuuliza kwa simu: nikimaliza kulipa, hiyo programu ya kufunga mnaitoa? Akasema atauliza ofisini. Leo ni siku ya tisa.

Tangu enzi za Mwalimu tunaambiwa kupanga ni kuchagua. Kiswahili chetu kina utani wake, maana kupanga nyumba nako ni kupanga. Wenyewe tunapangisha, jamani! Mtoto anatupa jero, anapanga dakika kumi za raha, anajua, hakuna aliyemwambia amenunua PS. Biashara yetu ni hesabu safi. Sasa chombo unachokipangisha, nacho ukipange kwa mtu mwenye ufunguo wa mbali?

Basi nimeleta pendekezo, mama mweka hazina ameshaliona.

Elfu 120 kwa mwezi, wote mliojiandikisha mmekubali mnaimudu. Nimehesabu majina, mko kumi na moja. Pamoja na mimi kumi na wawili. Tucheze mchezo! Ndiyo, mchezo, upatu, ule ule wanaocheza wake zetu na wakanunua majokofu sisi tukiwacheka. Kila mmoja 110,000 kwa mwezi, si 120,000. Mara 12 ni 1,320,000. Kila mwezi tunakwenda Kariakoo watu watatu, tunanunua mashine moja taslimu, yenye mdomo, yenye risiti. Inabaki elfu 20 ya bajaji na waya wa umeme. Hakuna cha kutanguliza. Mpaka mwisho kila mtu katoa 1,320,000 badala ya 1,740,000. Ni laki 4 na 20 inayobaki mfukoni mwa kila mmoja wenu.

Najua mnachowaza. Anayepata wa kwanza akitoroka? Risiti zote zinakaa kwa mama mweka hazina mpaka mzunguko uishe, na kila mtu anadhaminiwa na wawili humu humu. Bei ikipanda katikati? Inaweza, hata Marekani Agosti 2025 Sony walipandisha PS5 kwa dola 50. Ikipanda tunakaa, tunaongeza sawa kwa sawa. Mwenye mwezi mbaya? Anasema mapema, anabadilishana zamu na mwenzake. Mtu unaweza kumweleza kuhusu masika. Kufuli huwezi.

Na anayepata wa mwisho, je, ameonewa? Pigeni. Kama angeweka 110,000 peke yake chini ya godoro, angefika bei ya mashine mwezi gani? Wa kumi na mbili. Mwezi ule ule. Tofauti ni kwamba chini ya godoro mtoto akiumwa pesa inatoka.

Nimekata vikaratasi, viko kwenye kofia hii, namba 1 mpaka 12. Anayetaka kwenda na yule kijana, aende, sitamnunia, ila amuulize lile swali la kufuli kwa maandishi. Wengine piteni mbele mmoja mmoja. Ila namba 12 nimeshaitoa, iko mfukoni mwangu. PS4 zangu bado zinavumilia.